Tubuni kitenzi cha kuona jambo zima, au tutosheke na "kwa ujumla"?

Mada: Wanaopanga miradi, wanaofundisha na wanaofasiri hukwama mahali pamoja. Hakuna kitenzi kimoja cha kusema kwamba mtu ameacha kukodolea macho kipande, akaliona jambo lote kwa mara moja. Wapo wanaotaka tubuni maneno mapya, hata ya kimchezo. Wengine wanasema tuliyonayo yanatosha. Karibuni.

Mhariri wa kamusi: Yanatosha. Tuna "kwa ujumla", "mtazamo mpana", "upeo". Kila kikundi kikifyatua neno lake tutarudia yale ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi: maneno matatu yanagombea kifaa kimoja.

Mwanaisimu: Ndugu mhariri, hayo uliyotaja ni kielezi na nomino. Pengo liko kwenye kitenzi. Tena "kwa ujumla" mara nyingi humaanisha "kwa kawaida" au "bila kutaja kila kimoja", na "kwa mapana na marefu" ni kueleza kila kipengele hadi mwisho, kinyume kabisa cha tunachokitafuta. Nayo "kuona picha kubwa" ni tafsiri sisisi, ya neno kwa neno. Msomaji anafikiria picha iliyokuzwa, ikatundikwa ukutani.

Mchezo wa kukata na kuunga maneno hatujauanza leo. "Chajio" ni chakula cha jioni kilichokatwa, na UKIMWI ni upungufu wa kinga mwilini uliobanwa. Yote mawili yanatumika bila mtu kuona ajabu.

Mtafsiri: Basi naleta langu. "Darubini" ilitoka Kiajemi: *dur* ni mbali, *bin* ni kuona. Tukichukua hiyo -bini tukaiunga na jumla tunapata *jumlabini*, chombo cha akili cha kuonea jambo zima. Kama kitenzi kitafuata njia ya jadili na fikiri: anajumlabini, hajajumlabini.

Mwalimu wa sarufi: Ni neno tamu mdomoni, lakini lina kasoro mbili. Kubini kumo katika kamusi kwa maana ya kughushi, kwa hiyo "amejumlabini hesabu" litasikika kama shtaka. Pili, mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Hapa utaangukia -bi-, na jumla, iliyobeba maana yenyewe, itamezwa.

Kabla hamjaleta mengine, tazameni mitego ya mzizi -ona, kwa sababu wengi wataanzia hapo. Mkirudufisha mkapata *onaona*, mmepoteza maana. Kurudufisha kitenzi mara nyingi hupunguza uzito wake au kuonyesha jambo lisilo na mpango, kama tembeatembea na lialia. Onaona ni kuona hapa kidogo, pale kidogo. Mkiongeza kiambishi cha kutendea mnapata *onea*, nalo ni kudhulumu. Nomino yake, uonevu, mnaijua. Maoni na maono yana kazi zao. Wapo pia watakaojaribu ukubwa: nyumba ikawa jumba, ndege ikawa dege, basi picha iwe *jipicha*. Ukubwa wa namna hiyo huja na kitisho au dharau, kama tunavyosikia katika jitu na joka. Hakuna atakayesifiwa kwa kuona jipicha.

Hata upeo, anaoutegemea mhariri, hauzai kitenzi kwa urahisi. Asili yake ni kupea, yaani kufika kikomo, lakini wasemaji wengi wakisikia "pea" wanafikiria kupewa kitu.

Mtafsiri: Nimekuelewa, mwalimu. Na *paona*? Paa, kwa maana ya kwenda juu, ukiiunga na ona. Anayepaona amepanda juu ya jambo ndipo akalitazama. Ni silabi tatu tu, na linamalizikia kwa -a kama vitenzi vya Kibantu, kwa hiyo linapokea viambishi vyote.

Mhariri wa kamusi: Linaanguka hatua ya kwanza. "Anapaona" tayari ni sentensi kamili ya Kiswahili: a-na-pa-ona, anaona mahali fulani. Neno jipya lisiloweza kutofautishwa na lililokuwapo ni mzigo. Na paa yenyewe ina kazi nyingi: paa la nyumba, paa wa porini, kupaa samaki magamba.

Mwanaisimu: Pingamizi la "anapaona" ni la kweli, lakini dawa yake imo katika sarufi. Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi moja ya kiambishi cha mtendwa, yaani kile kinachowakilisha kitu kinachotendwa. Ukiijaza, pa- haina mahali pa kukaa ila ndani ya mzizi. "Anaupaona mradi", "tuliipaona safari nzima", "wameyapaona mambo": hakuna anayeweza kusikia "mahali" humo. Amri pia inajitenga yenyewe. Kuona mahali ni "Paone!", kwa sababu kiambishi cha mtendwa huvuta -e mwishoni, kitenzi kipya ni "Paona!". Na "mradi umepaonwa" hauna mshindani.

Hilo la paa kuwa na maana nyingi halinitishi. Kaa ni kuketi, ni makaa, ni mnyama wa pwani, na hatupotei.

Mwalimu wa sarufi: Nakubali, kwa sharti kwamba kiambishi cha mtendwa kiwe lazima katika neno hili. Nomino yake iwe *upaonaji*, ngeli ya U-, ikubaliane kama usomaji: upaonaji wake ni mzuri. Msifanye *mpaonaji* kuwa cheo; neno likigeuka cheo watu huacha kulitumia kama tendo.

Mhariri wa kamusi: Bado kuna sikio. "Anapoona" na "anapaona" zinatofautiana kwa irabu moja, na kwenye redio irabu moja hupotea. Silitii kamusini. Lakini kama mtalitumia na kiambishi chake kila mara, "anaupaona", "waliyapaona", basi liandikeni katika makala zenu bila alama za kunukuu na bila maelezo pembeni. Msomaji akisimama na kuuliza maana yake, ondoeni neno. Akipita na kuendelea, nitaliangalia upya.

Mtafsiri: Tumekubaliana. Sentensi ya kwanza ya majaribio ni hii: "Kabla hujarekebisha aya ya tatu, ipaone insha yote."

Mwalimu wa sarufi: Na hapo tayari -e imeingia kwa sababu ya i-. Inakwenda sawa.