Kitembo cha kroshia cha kuning'iniza kwenye funguo, mbona pamba inachungulia?

tembokadogo:
Habari zenu jamani. Mi kroshia naijua ile ya vitambaa vya makochi na meza, sasa nataka kufuma vitembo vidogo vya kiholda cha funguo niwe nawauzia wanachuo. Shida nikishajaza pamba inachungulia kote kama godoro lililotoboka, kichwa kinalala upande, afu ile ringi ya chuma ukiivuta vuta inafumua uzi funguo zinadondoka. Natumia uzi wa sweta wa kawaida na sindano ya milimita 4. Video nimeangalia ila wengi hawaongei kabisa, ni muziki tu na mikono inakimbia.

bibi_nyuzi:
Sindano ndo kubwa mdogo wangu. Kitu cha kujaza pamba unashuka, uzi huohuo shika 2.5 au ikizidi sana 3, mkono utalalamika mwanzoni ila kitu kinatoka kigumu. Na ile nguzo ndefu, kile kishono kirefu cha vitambaa, iache kabisa, hapa ni ile fupi tu, unaingiza sindano unavuta uzi vinakuwa vitanzi viwili, unavuta tena unapita vyote viwili, basi. Anza na kile kitanzi cha kubana mpaka tundu la katikati linapotea, weka vishono 6, raundi ya pili kila kimoja kizae viwili vinakuwa 12, inayofuata 18, afu 24 kama unataka kikubwa, kadogo ishia 18. Hapo unazunguka bila kuongeza raundi kadhaa ndo uanze kupunguza. Usifunge raundi kama kwenye kitambaa cha meza, hii inaenda mfululizo, kwa hiyo chomeka kauzi ka rangi nyingine kwenye kishono cha kwanza usije ukapotea hesabu.

Wakati wa kupunguza ndo matundu yanapozaliwa. Chukua ule uzi wa mbele tu wa vishono viwili vinavyofuatana, vuta kwa pamoja, hutaona hata palipopunguzwa.

Nyavu za Mombasa:
Nakubaliana na bibi hapo juu, ila uzi mi ningesema pamba kuliko huo wa sweta, wa sweta ukikaa mfukoni na funguo unatoa manyoya mapema sana. Hiyo ringi dadangu usiishone juu juu. Fuma mnyororo mfupi, upitishe kwenye ringi, ncha zote mbili ziingie ndani ya kichwa kabla hujakifunga, huko ndani uzifunge kwenye kifungo cha shati. Kifungo hakipiti kwenye vishono, hata ukivuta vipi. Kichwa kulala ni shingo haina kitu, fuma kichwa na mwili kipande kimoja, punguza mpaka 12 afu ongeza tena, na hapo shingoni sindilia pamba kidogo kidogo kwa nyuma ya kalamu.

bibi_nyuzi:
Pamba ni nzuri sikatai lakini bei yake, na uzi wake hauvutiki, vidole vinauma zaidi. Kwa kuanzia akriliki, huo huo uzi wa sweta, inatosha.

tembokadogo:
Kumbe kifungo! Hiyo sikuwahi kuiwaza kabisa. Na macho je, nimeona yale meusi ya plastiki yenye kijiti nyuma, yanashika?

Nyavu za Mombasa:
Yanashika ukiweka ile washa yake, kale kaduara kanakobana kijiti, kwa ndani, kwa hiyo ni kabla ya kufunga kichwa, baada ya hapo umechelewa. Milimita 6 inamtosha huyo tembo wako. Ila kama mteja ana mtoto chini ya miaka 3 nyumbani darizi macho kwa uzi mweusi, maana funguo za mama ndo kitu cha kwanza mtoto anatia mdomoni. Mkonga usiujaze, vishono 6 kuzunguka unasimama wenyewe.

tembokadogo:
Asanteni sana wapendwa. Sindano ya 2.5 hapa mtaani sijaiona, wanazo za 4 kwenda juu.

bibi_nyuzi:
Kama uko Dar nenda Kariakoo maduka ya vifaa vya ushonaji, uliza za chuma. Angalia namba iliyogongwa kwenye mpini, wakikuletea ile nyembamba ya vitambaa vya uzi mwembamba usichukue, itakuwa inachana uzi wako katikati tu.