Funza kwenye maiti: wanaweza kweli kutaja siku ya kifo?

Avoka_Katuba (Lubumbashi)
Wandugu, nina dosie ya mauaji. Marehemu alikutwa mwezi wa Juni ndani ya aneksi, mlango umefungwa, dirisha lina chandarua kilichochanika kidogo. Kuhusu muda, ripoti ya daktari ina mstari mmoja: funza wakubwa, kifo siku tatu. Siku hizo tatu mteja wangu alikuwa hapa mjini. Kabla ya hapo alikuwa Kolwezi wiki nzima, tiketi za basi zipo. Hesabu hiyo ya daktari inashikika?

Mama_Nzi (Bukavu)
Maître, pole na kazi. Nilisomea biolojia, sasa nafuga funza wa kulisha kuku hapa Kadutu, hao wadudu nashinda nao. Daktari hakuota: wanaonyesha muda. Lakini swali la kwanza ni chumba kilikuwa na joto gani, na hilo naona hakuliandika.

Nzi wa kijani, akina Lucilia na Chrysomya, hufika mapema sana wakipata njia. Hutaga puani, machoni, mdomoni na kwenye majeraha, karibu kila mara mchana. Yai likianguliwa, funza hukua kwa kufuata joto. Wataalamu wengi huanza kuhesabu kwenye nyuzi 10 hivi, chini ya hapo anakaribia kusimama. Kwenye nyuzi 25 anapata 15 za kukulia, kwenye 15 anapata 5 tu. Siku moja ya joto ni sawa na siku tatu za baridi! Na Juni ya Lubumbashi unaijua mwenyewe, usiku watu wanavaa koti.

Tena "wakubwa" maana yake nini? Mwangalie nyuma kwa lenzi: ana vitundu viwili vya kupumulia. Kila kimoja kikiwa na mipasuo mitatu, yuko hatua ya tatu. Miwili, hatua ya pili. Urefu peke yake unadanganya, aliyeshiba na mwenye njaa hawalingani.

Baba_Himbi (Goma)
Mama Nzi, usimpe Maître matumaini yote. Funza wakijaa pamoja wanajipasha moto wenyewe, katikati ya kundi joto linapita la chumba kwa mbali. Baridi ya nje haiwasumbui kama unavyosema.

Mama_Nzi
Kweli, Baba, wakiwa wengi. Wachache hawafanyi hivyo, na mwanzoni hakuna kundi. Ndiyo maana nataka picha. Ila chandarua hakina ubishi: kilichelewesha nzi kuingia. Funza wanahesabu tangu mayai yatagwe, kwa hiyo umri wao ni muda mfupi kabisa unaowezekana. Kifo kinaweza kuwa kilitangulia sana.

Baba_Himbi
Hapo nakubali. Mwaka 1935 huko Scotland, Alexander Mearns wa Chuo Kikuu cha Glasgow alisema funza wana siku 12 hadi 14 kwenye kesi ya Ruxton, yule daktari aliyeua mke wake na mtumishi, lakini Mearns funza alikuwa nao mkononi. Maître, walihifadhiwa?

Avoka_Katuba
Morgi waliosha maiti, funza wakaenda na maji. Zimebaki picha za OPJ, yule polisi wa upelelezi, moja ina rula pembeni.

Mama_Nzi
Ayayaa. Walitakiwa kutiwa kwenye maji ya moto sana kisha alkoholi, na wengine waachwe hai wakue mpaka nzi, ndipo aina ijulikane. Sasa omba vipimo vya joto vya uwanja wa ndege wa Luano, saa kwa saa, na uulize kama sakafuni kulikuwa na maganda ya kahawia kama punje za mchele, yale funza anayojifungia akimaliza kukua ili ageuke nzi. Yakiwepo, siku tatu haziwezekani hata kwenye joto.

Avoka_Katuba
Picha ya nne, chini ya kitanda, kuna vitu vya namna hiyo. Naikuza nikutumie.