Mishipa mipya kwenye retina yenye mchochota: ni Eales, kifua kikuu au sakoidosisi?

Swali – Daktari wa macho, hospitali ya mkoa
Wenzangu, naomba ushauri. Nina mgonjwa wa kiume wa miaka 27 ambaye jicho lake la kushoto linaona vivuli vyeusi vinavyoelea. Nimekuta damu ndani ya ute wa jicho hilo, weupe uliozingira mishipa ya vena, na mishipa mipya pembezoni mwa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Jicho la kulia nalo lina weupe huo, ingawa bado anaona vizuri. Kipimo cha Mantoux, kile cha ngozi cha kifua kikuu, kimetoa uvimbe wa milimita 18, lakini picha ya kifua ni safi, hakohoi wala hajakonda. Nasita kumpa steroidi, dawa za kutuliza mchochota, kabla sijajua ninatibu nini.

Jibu la 1
Umefanya vyema kusita, Daktari. Henry Eales alieleza mwaka 1880, huko Birmingham, Uingereza, habari za vijana waliovuja damu machoni mara kwa mara, na jina lake hupewa mgonjwa ambaye sababu nyingine zote zimekwisha kuondolewa. Pima kwanza kaswende na VVU, kwa kuwa kaswende huiga karibu kila mchochota wa jicho, nayo inatibika. Muulize pia kama hupata vidonda vya mdomoni na sehemu za siri vinavyojirudia, maana hivyo huelekeza kwenye ugonjwa wa Behçet, ambao ni mchochota wa mishipa ya damu. Mantoux yako inaonyesha tu kwamba mwili umewahi kukutana na bakteria wa kifua kikuu. Haithibitishi kwamba wamo jichoni. Makovu yenye rangi nyeusi kando ya vena yangenisogeza zaidi upande wa kifua kikuu. Kuhusu sakoidosisi, ugonjwa wa mchochota unaootesha vinundu mwilini, picha ya CT huweza kuonyesha tezi za kifuani ambazo eksirei imezikosa.

Jibu la 2
Naongeza selimundu, hasa aina ya SC (mtu aliyerithi himoglobini S na C), ambayo huotesha mishipa mipya pembezoni ikiwa na mchochota mdogo sana au bila mchochota wowote. Elektroforesisi ya himoglobini, kipimo cha damu kinachotenganisha aina zake, itamaliza shaka hiyo. Lakini kipimo ninachokisisitiza ni angiografia ya fluoresini, yaani picha za mishipa ya retina baada ya kudunga rangi kwenye damu. Mishipa mipya si jina la ugonjwa: huota pale ambapo sehemu ya retina imekosa damu, na wakati mwingine huchochewa na mchochota wenyewe hata kama damu inafika kote. Ukiona maeneo yaliyokosa damu, yachome kwa leza baada ya kuutuliza mchochota. Usipoyaona, tibu mchochota kwanza, kwani mishipa hiyo huweza kunywea bila leza.

Muuliza swali
Nashukuru sana, wakuu. Makovu hayo yapo mawili katika jicho la kulia, nami nilikuwa nimeyapuuza. Vipimo vya damu nitavichukua kesho, kisha nitampa rufaa ya angiografia na CT.

Jibu la 1
Mkiafikiana na kliniki ya kifua kikuu kuanza dawa, pima kwanza uwezo wake wa kuona na kutofautisha rangi, kwa sababu ethambutoli, mojawapo ya dawa hizo, huweza kudhuru mshipa wa fahamu wa jicho. Steroidi zianze chini ya kinga ya dawa hizo.