Wakuu naombeni riwaya za kusoma joto linapoisha huku Ulaya na baridi ndo inabisha hodi

Bi_Shifti:
Habari za humu wakuu, natumai wote wazima. Niko Leeds, Uingereza, kazi yangu kuhudumia wazee na zaidi nafanya za usiku. Sasa joto ndo linatuaga hivyo, majuzi tu watu walikuwa wamejilaza kwenye nyasi wanaota jua, leo natoka kazini asubuhi nikipumua mvuke unatoka mdomoni, majani ya miti yashakuwa rangi ya kutu na saa moja jioni giza. Na hapo bado hawajarudisha saa nyuma, Jumapili ya mwisho ya Oktoba ndo tunakoma kabisa.

Nikiwa hivi napata hamu ya riwaya nzito kwa hali, yaani unafungua tu kurasa mbili ushahisi unyevunyevu, nyumba kubwa ina watu wasiosema ukweli, bahari au ukungu hapo nje. Ya mwisho iliyonikosha ni Rebecca ya Daphne du Maurier, ya mwaka 1938. Marehemu Rebecca mwenyewe hatokei akiwa hai hata ukurasa mmoja ila ndo mwenye nyumba, na yule Mrs Danvers msimamizi wa nyumba jamani nilikuwa namchukia huku namsubiri atokee tena. Nataka ndugu zake hiyo.

Masharti: sitaki damu na mashoka, naishi peke yangu. Isiwe tofali, yaani kitabu kinene, nasomea kwenye basi na wakati wa mapumziko kazini. Kiingereza au Kiswahili poa tu. Nawasilisha.

Mzee wa Kona:
Dada uko Leeds halafu unauliza riwaya ya upepo na ukungu? Panda treni mpaka Keighley, kutoka hapo Haworth ni pua na mdomo, ndo kwao akina Brontë, wale madada waandishi. Soma Wuthering Heights ya Emily, ilitoka 1847 akiwa amejificha kwenye jina la Ellis Bell. Watu wanaisifia kama hadithi ya mapenzi, mimi sikubaliani, mle ndani ni visasi na roho mbaya mwanzo mwisho, lakini hali yake hakuna mfano, ule upepo wa nyikani unakupiga hadi kitandani. Angalizo moja, majina yanajirudia, kuna Catherine mama na Catherine mtoto, chora ukoo kwenye karatasi la sivyo utapotea.

chai_tangawizi:
Mimi hapo ningemwambia Jane Eyre ya dada yake Charlotte, mwaka huohuo 1847. Inaanza siku ya Novemba, mvua na upepo hakuna kutoka, katoto kamejibanza dirishani nyuma ya pazia jekundu kanasoma kitabu cha ndege. Ndo vaibu anayotaka kabisa.

Mzee wa Kona:
@chai_tangawizi kasema hataki tofali 😂

Pwani Mpaka Pwani:
Mbona mnampeleka karne ya 19 tu kama vile yuko darasani. Dada soma By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, 2001. Saleh Omar ni mzee wa Zanzibar anashuka uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, mwezi wa Novemba kuomba ukimbizi, ana pasipoti yenye jina la mtu mwingine, anajifanya hajui Kiingereza hata neno, na kwenye begi kabeba kikasha cha udi. Afisa wa uhamiaji anamchukulia ule udi, basi kile kipande peke yake nilikisoma mara mbili maana hakuna kelele wala kugombana lakini kinauma vibaya sana. Baadaye wanamweka kwenye mji mdogo wa pwani, baridi, kimya, halafu anatokea mtu wa kwao, Latif, ambaye familia zao zina kesi ya zamani, nyumba imechukuliwa, kuna na meza ndogo ya mpingo humo, na kila mmoja anaisimulia kivyake. Siendelei nisikutobolee. Mizimu hamna, ila siri za nyumba zipo kuliko hata hao akina Brontë, na we unayekaa na wazee usiku kucha utamwelewa Saleh kuliko sisi wote humu.

KijanaWaTTCL:
Hivi mtu yuko shifti ya usiku, jengo zima limelala, anasoma nyumba zenye siri, mara kengele ya chumbani inalia... mi ningeacha kazi

Bi_Shifti:
@KijanaWaTTCL kengele nishaizoea, mara nyingi wanataka chai tu 😅

Nusu Ukurasa:
Kama unataka fupi chukua We Have Always Lived in the Castle ya Shirley Jackson, 1962. Madada wawili na mjomba mgonjwa kwenye jumba kubwa, familia iliyobaki yote ilikufa mezani kwa sumu iliyowekwa kwenye sukari, na kijijini watu wanawachukia. Anayesimulia ni Merricat, mdogo mtu, ana miaka 18 ila akili yake inaenda kwa njia zake, utamwonea huruma mpaka uanze kujishtukia. Mashoka hamna.

Mwanakijiji_Tanga:
Na za kwetu je? Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, bwana mkubwa anaitwa K anakula maisha, babu yake aliyekwisha kufa anamjia na kumtembeza akaone mambo aliyoyafumbia macho. Au Nagona ya Kezilahabi, 1990, kijitabu chembamba lakini ni ndoto tupu, ukitafuta hadithi iliyonyooka utakitupa dirishani, we soma tu kama unaota. Shida ni kuvipata huko uliko, hapa kwenyewe duka la vitabu mpaka uagizie.

Coast Gal:
Ongeza The Dragonfly Sea ya Yvonne Owuor, 2019. Inaanzia kisiwa cha Pate, Kenya, na inaenda hadi China, hiyo bahari na pepo zake wueh. Lakini ni nene, weka ya Disemba.

Pwani Mpaka Pwani:
Kupata rahisi, chukua kadi ya maktaba ya mtaa wenu halafu pakua apu ya Libby, unaazima bure kwenye simu. Kikiwa kwa mtu mwingine unaweka foleni.

Bi_Shifti:
Asanteni sana wapendwa. Naanza na huyo mzee wa Gatwick, nimeshindwa kujizuia ile ya udi, halafu madada wa sukari. Wuthering Heights mpaka likizo, Catherine wawili saa tisa usiku haiwezekani. @Mwanakijiji_Tanga kuna mdogo wangu anakuja huku mwezi wa kumi na moja, hiyo Babu Alipofufuka akiitafutia Dar aanzie duka gani?

Mwanakijiji_Tanga:
Aulize Mkuki na Nyota au TPH (Tanzania Publishing House) pale Samora. Na muwahi kumwambia, begi likishajaa dagaa na unga wa ugali kitabu hakipati nafasi.