Droni za kukagua mazao: fedha za umma ziende huko, au kwa maafisa ugani?

Mleta mada

Wakuu, hoja inayozidi kusikika ni kwamba fedha za umma za kilimo zinunue droni za kukagua mazao, kwa kuwa maafisa ugani ni wachache na mashamba ni mengi. Mimi napinga. Siichukii teknolojia, ninachokataa ni huo utaratibu wa kutanguliza ndege nyuki na kumkumbuka mtu baadaye.

Droni ya kukagua hubeba kamera inayosoma mwanga mwekundu pamoja na infraredi ya karibu, ambayo jicho halioni. Klorofili ya jani lenye afya hufyonza ule mwekundu, na jani hurudisha infraredi kwa wingi. Programu inachukua infraredi, inatoa nyekundu, inagawanya kwa jumla ya hizo mbili, na kinachopatikana ni kipimo kiitwacho NDVI, kati ya -1 na 1. Shamba linachorwa kwa rangi: kijani huku, njano kule. Mpaka hapo sina ugomvi.

Sasa ile njano ni nini? Naitrojeni imepungua? Maji yametuama? Minyoo fundo kwenye mizizi? Mbegu hazikuota, au udongo umeshindiliwa na trekta? NDVI hushuka kwa yote hayo. Mwenye ramani asiye na mtu wa kwenda kung'oa mche na kutazama mizizi atamwaga mbolea ya kukuzia palipotuama maji, na msimu unaofuata ataambiwa anunue kamera bora zaidi.

Na kama shida ni ramani tu, setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa 2015, hupita juu ya eneo kila baada ya siku 5 hivi, na picha zake ni bure. Kwa nini tusianze na cha bure? Karibuni mnipinge.

Rubani wa droni

Mkuu, kwenye setilaiti nakupinga. Pikseli ya Sentinel-2, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10 kwa 10. Ekari moja ni takribani mita za mraba 4,047, kwa hiyo unapata pikseli kama 40, na za pembeni zote zimechanganyika na jirani, njia na miti. Kama mtu kachanganya mahindi na maharage ndiyo kabisa. Isitoshe, mazao ya kutegemea mvua hukua wakati wa mawingu, na kamera ya setilaiti haipenyi wingu. Mimi naruka chini yake na kuona kwa sentimita chache. Miche ikiwa bado midogo nahesabu iliyoota, mkulima anajua pa kurudishia mbegu kabla msimu haujamwacha. Anayekagua kwa miguu, mahindi yakishampita kichwa anajua kingo tu.

Kuna na kamera ya joto. Mmea ukikosa maji hufunga vitundu vya majani, jani linapata joto, nami naliona kabla halijanyauka. Hapo nani mwepesi, mimi au afisa ugani?

Bwana shamba mstaafu

Mwanangu rubani, kwenye maji nakupa haki yako. Lakini wewe unatazama kutoka juu, na mahindi yenye njaa ya naitrojeni huanza kuumwa chini. Mmea huondoa naitrojeni kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye machanga, kwa hiyo umanjano hutangulia jani la chini, kuanzia nchani ukifuata mshipa wa kati. Majani ya juu bado yanang'aa kijani wakati huo. Anayepita kati ya mistari akainama ataiona mapema kuliko kamera yako.

Na huo mwangaza wenyewe hubadilika. Kivuli cha wingu kikipita katikati ya safari, nusu ya shamba inaonekana mgonjwa. Nimeonyeshwa ramani ya namna hiyo, kijana kaishika kwa kujiamini kabisa, na mahindi yalikuwa hayana neno.

Mwenye shamba kubwa

Mimi nakodi huduma hii na inanilipa. Fedha za umma zinaingiaje? Anayefaidika alipe.

Mleta mada

@Mwenye shamba kubwa, ndiyo shida yenyewe. Wewe setilaiti ingekutosha kwa mengi, na bado una uwezo wa kukodi droni. Mwenye ekari moja ndiye setilaiti isiyomwona vizuri, na ndiye asiyeweza kukodi. Kwa hesabu za rubani, wa kusaidiwa ni huyo.

Kwa hiyo naweka sharti badala ya kupinga moja kwa moja: droni iwe ya huduma ya pamoja, irushwe mara moja juu ya mashamba mengi yanayopakana, na fedha zisitolewe mpaka kuwe na mtu aliyepangiwa kufika kwenye madoa ya njano ndani ya siku chache. Asipokuwepo, isirushwe.

Katibu wa ushirika

Ukirusha juu ya mashamba mengi unampiga picha na ambaye hakukubali. Nani atazitazama? Mkopeshaji? Bima? Mnunuzi, ambaye atayajua mavuno kabla ya mwenye shamba na kupanga bei? Marekani, vyama vya wakulima na kampuni za teknolojia walitoa kanuni 2014 kwamba data ya shambani ni mali ya mkulima, na Ulaya wakawa na mwongozo wao 2018. Yote ni ya hiari. Rubani, picha zako zinakaa wapi?

Rubani wa droni

Kusema kweli, kwenye seva za kampuni ya programu ninayoilipia. Ndiyo inayounganisha picha mamia kwa mamia kuwa ramani moja. Nikiacha kulipa, hata mimi sizifungui.

Katibu wa ushirika

Basi kwetu utaruka ukikubali mambo mawili kwa maandishi: picha ghafi zote zibaki kwenye diski ya ushirika, na shamba la asiyetia saini likatwe kwenye ramani. Ukiandika hivyo naupeleka mkataba kwenye kikao cha wanachama.

Rubani wa droni

La kwanza halina shida. La pili nipeni mipaka ya mashamba, maana sina.