Viporo vya visanamu: vita vya Tanga 1914 vimelala kwenye makasha, nianze na vipi?

MwalimuChumbageni

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia sekondari hapa Tanga. Usiku, nikishamaliza kusahihisha madaftari, napaka rangi visanamu vya askari, vile vya madini vya milimita 28. Nataka kuyapanga mezani mapigano ya Novemba 1914, ya Vita Kuu ya Kwanza, ili vijana wangu wayaone kwa macho: jeshi la Waingereza linashuka Ras Kasone, na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wanalingoja kwenye mtaro wa reli.

Kinachonielemea ni hesabu. Kikosi kilichotoka India chini ya Jenerali Aitken kilikuwa na watu wapatao 8,000, na waliolinda mji ni kama 1,000. Nimepanga kisanamu kimoja kisimame badala ya watu 20, kwa hiyo nahitaji 400 upande mmoja na 50 upande wa pili. Mpwa wangu aliyeko Leicester kila akipata mtu anayekuja likizo anampa kipakiti, Mungu ambariki, lakini vinaingia kuliko vinavyokamilika. Kisanamu kimoja nakaa nacho jioni nzima: macho, ndevu, mikunjo ya kilemba. Navipenda na sitaki kuvilipua, ila makasha yameshajaa uvungu wa kitanda na Novemba hiyo inakuja.

Mnaopaka vikosi vikubwa mnafanyaje? Na hii rangi ya kopo ya kupuliza mnaiwezaje kwenye hewa ya pwani? Yangu inakaa chenga chenga.

BrashiNambaMbili

Mwalimu, salamu kutoka Nairobi. Acha kumaliza kimoja kimoja. Chukua kumi, vibandike kwenye vizibo vya chupa upate pa kushikia, kisha upake khaki vyote, halafu mikanda yote, halafu ngozi, halafu bunduki. Ukifika cha kumi, cha kwanza kimekauka.

Praima, yaani rangi ya msingi, iwe nyeusi, halafu uguse nyeupe kutoka juu tu, kama jua la saa sita linavyopiga. Juu yake tumia zile rangi za majimaji. Citadel walitoa za kwao, Contrast, mwaka 2019. Unapaka mkono mmoja. Zinatuama kwenye mikunjo na kuwa nyepesi kwenye miinuko, kwa hiyo kivuli kinajitengeneza chenyewe. Kwa sare za khaki hakuna njia ya haraka zaidi ya hiyo.

Macho achana nayo kabisa. Mtu aliyesimama mbele ya meza hayaoni, kivuli cha kofia kinatosha.

BintiMakadara

Mimi niko Mombasa, hewa yetu ni moja. Chenga huja rangi inapokaukia hewani kabla haijafika. Labda unapuliza kwa mbali, au kwenye jua kali na upepo. Sogea, sentimita 20 hadi 30, kivulini, na upulize kwa mipigo mifupi. Unyevu ukizidi ndiyo inaleta ukungu mweupe, kwa hiyo usipulize alfajiri wala baada ya mvua. Mimi siku hizi napaka praima ya chupa kwa brashi, Vallejo wanayo. Inachukua muda zaidi lakini naweza kufanya saa yoyote, hata mvua ikinyesha.

Kabla ya yote vioshe kwa sabuni na mswaki wa zamani. Madini yakitoka kwenye kalibu hubaki na unga au mafuta, na rangi itabanduka. Nyingine: weka sponji mbichi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, juu yake karatasi ya kuokea, uchanganyie rangi hapo. Feni ikiwa inazunguka, rangi kwenye sahani inakauka kabla hujachovya mara ya pili.

MzeeWaGerezani

Mwalimu, kabla ya brashi nakuuliza: ndani ya makasha hayo mna KAR wangapi, wale King's African Rifles, askari Waafrika wa Waingereza? Kama wamo, watoe. Aitken alipewa KAR wamsaidie akawakataa, kwa hiyo Tanga hawakupigana. Wafungie pembeni, wana vita vyao: mapigano ya Mahiwa ya 1917 yanawahitaji.

Pili, usianze na tarehe 4, siku nyuki walipowavamia wapiganaji na jeshi zima lilipoingia vitani. Anza na alfajiri ya tarehe 3. Walioshambulia ni vikosi viwili vya India peke yao, Rajputs wa 13 na Pioneers wa 61, na walinzi wa mtaro wa reli walikuwa wachache mpaka treni za kutoka Moshi zilipowaletea wenzao. Kwa kipimo chako, hayo ni mapigano ya visanamu visivyofika mia. Vijana watacheza mchezo mzima kwa hao, nawe utaongeza wengine kadiri siku zinavyokwenda.

Askari wa Wajerumani wengi walikuwa bado na bunduki za 1871 za baruti nyeusi. Kila wanapofyatua weka kipande cha pamba. Moshi ndio uliokuwa ukiwafichua.

MwalimuChumbageni

Shikamoo Mzee. KAR wamo, tena wengi, na usiku huu wamehamia juu ya kabati. Nikitazama kilichobaki kwa ajili ya tarehe 3 naona kinawezekana kabisa.

BrashiNambaMbili, Rajputs na Pioneers nitawapaka kumi kumi kama ulivyosema. Ila askari wetu Waafrika nitawapa macho, na wapagazi pia nikiwapata. Darasani wapo watoto ambao babu wa babu zao walibebeshwa mizigo ya vita hivyo, na makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi. Mtoto atainama amwangalie usoni, na nataka aukute uso.

Dada BintiMakadara, sponji nimeshaikata. Swali la mwisho: nyasi nataka kutumia katani, hapa haina shida kuipata. Mnaisimamishaje?

BintiMakadara

Funga kishungi kwa uzi, kata kitako kiwe sawa, chovya kwenye gundi ya mbao, usimamishe kwenye tundu la msumari. Acha usiku kucha. Juu ukate gundi ikishakauka, siyo kabla, na usikate sawasawa. Kama ni ya kijani iliyokolea ipitishe brashi kavu yenye rangi ya majani makavu.