Pikapu na buti za kazi: nichague gari au nichague kiatu?

Mbao za Mafinga
Wakuu, heshima kwenu. Niko hatua za mwisho kuchukua pikapu ya kazi. Jana yadi nimejaribu Hilux na D-Max, zote mtumba, bei zinakaribiana na injini ziko vizuri. Kilichonikwaza ni pedeli. Moja kati ya hizo, nikikanyaga breki nikiwa na buti za kazini, ubavu wa soli unagusa moto, yaani pedeli ya mafuta. Nasimamisha gari huku injini inanguruma! Dalali akacheka, eti nitazoea. Je, nichukue lile lenye nafasi au nibadilishe viatu? Nisaidieni kabla ya Jumatatu, pesa haikai mfukoni.

Fundi Uyole
Mkuu unauliza nusunusu. Ni ipi inayogusa? Ya mwaka gani? Gia ya mkono au otomatiki? Buti saizi ngapi, na zile zenye chuma mbele au za kawaida?

Kiti cha Nyuma
Naweka kambi hapa nisubiri wajuzi.

Dada Dabo Kabini
Chukua L200 ulale usingizi. Mimi mwaka wa sita huu, sijawahi kugusa pedeli mbili kwa mpigo.

Fundi Uyole
Dada, hajauliza L200.

Dada Dabo Kabini
Ndiyo kosa lake la kwanza.

Mzee Peku
Vijana mnahangaika bure. Nimeendesha malori miaka 27, nikipanda tu navua viatu. Mguu mtupu unaisikia breki, unajua imeshika kiasi gani. Buti zako ziweke chini ya kiti, ukifika utavaa.

Fundi Uyole
Chini ya kiti hapana, mzee wangu. Kiatu kikiteleza mbele kwenye mteremko kikaingia nyuma ya breki, utakanyaga mpaka kesho haishuki. Kiwekwe upande wa abiria au nyuma kabisa. Na peku ni sawa kama mguu mkavu. Ndala ndiyo sitaki hata kuisikia, inajikunja chini ya pedeli.

Nyanya za Ilula
Ngoja niwasimulie yaliyonikuta, halafu mleta uzi aamue mwenyewe.

Ilikuwa masika, napeleka matenga ya nyanya Dar. Shambani tope tupu, nikaazima gambuti za shemeji, saizi mbili zaidi ya mguu wangu. Nikasema nitavaa raba nikifika lami. Lami nikafika, raba nikasahau. Tunashuka mteremko wa Kitonga, mbele yangu semi imebeba makontena, inajivuta. Nikanyanyua mguu kutoka kwenye moto niende breki, mguu hauendi! Ncha ya gambuti imenasa chini ya ukingo wa pedeli ya breki. Si unajua breki imekaa juu kuliko moto? Kiatu chembamba kinaupita ule ukingo, gambuti halikupita. Navuta, nalo linajikunja tu, na likijikunja linakandamiza moto.

Nilichofanya sikukifikiria. Nikachomoa mguu. Gambuti likabaki pale pale, mimi nikabamiza breki kwa soksi. Gia nikarudisha ya pili, injini ikapiga kelele, nikalaza gari kwenye mtaro upande wa mlima. Bora mtaro kuliko lile korongo la upande wa pili. Taa na bampa vilikwenda, na matenga manne yakamwagika. Wale wapita njia walivyosaidia kuokota nyanya, hadithi nyingine hiyo.

Aina ya gari siitaji, maana gari halikuwa na kosa.

Kiti cha Nyuma
Breki kwa soksi! Pole sana mkuu.

Msomi wa Magari
Mambo haya si mageni. Miaka ya 1980 Marekani watu walilalamika Audi 5000 inaondoka yenyewe. Ripoti ya mamlaka ya usalama barabarani ya 1989 ikaona madereva walikuwa wanakanyaga moto wakidhani ni breki, na mpangilio wa pedeli ukachangia. Mwaka 2009 tena, California, mati ya mpira ya modeli nyingine iliwekwa ndani ya Lexus ES 350 ikanasa pedeli ya moto. Watu wanne wakafa. Toyota ikatoa tahadhari kwa magari karibu milioni 3.8.

Mzee Peku
Sasa Audi na mbao za Mafinga wapi na wapi?

Fundi Uyole
Hapo kwenye mati kuna jambo, mzee. Mleta uzi, hilo gari lina mati ngapi?

Mbao za Mafinga
Samahani wakuu, mtandao ulinisumbua. Buti saizi 45, zina chuma mbele. Hilux ni gia ya mkono, D-Max otomatiki. Inayogusa sitaji, dalali mwenyewe anashinda humu. Mati… lile linalogusa lina mati nene ya mpira juu ya kapeti, na chini yake kipande kingine cha zulia.

Fundi Uyole
Haya! Toa vyote ujaribu upya. Kisigino kikiinuliwa na mati, mguu unazifikia pedeli kwa pembe nyingine kabisa. Jaribu injini ikiwa inawaka, gia huru, au P ya kuegesha kwa otomatiki, handbreki juu. Injini ikizimwa, baada ya kukanyaga mara chache pedeli inakuwa ngumu, haishuki vizuri. Kanyaga kwa nguvu mpaka mwisho, maana breki ikishuka ndipo inapolingana na moto na ubavu wa buti unapogusa.

Dada Dabo Kabini
Otomatiki mbona rahisi, breki aikanyage kwa mguu wa kushoto.

Mzee Peku
Thubutu! Mguu wa kushoto umezoea klachi, unabamiza. Atamvunja abiria pua. Na Kitonga kwa otomatiki mimi siendi.

Msomi wa Magari
Mzee, otomatiki nayo unaishusha gia kwa mkono, injini inashika vilevile.

Mzee Peku
Wewe umeshuka Kitonga na mzigo mara ngapi?

Msomi wa Magari
Mara mbili. Kwa basi.

Mbao za Mafinga
Jumatatu naenda yadi na pea tatu: buti, raba na gambuti. Dalali acheke tena.

Dada Dabo Kabini
Aulizie na L200 akiwa huko. Halafu wa Ilula, shemeji ulimrudishia gambuti zake?

Nyanya za Ilula
Moja. Ile nyingine fundi aliitoa kwa kisu.